Kiwango amefikia, jina mbona halimo? Maswali ya wasomaji kuhusu kufuzu Olimpiki

Barua nyingi za toleo hili zina lalamiko moja: msomaji anaambiwa mwanariadha wa taifa lake "amefuzu", kisha timu inatangazwa bila jina lake. Tumejibu kwa kutumia sheria za Paris 2024, kwa sababu zimeshafungwa na mwisho wake unajulikana. Michezo ya Los Angeles inaanza 14 Julai 2028. Utaratibu wake unaweza kufanana na huu, lakini tarakimu msizichukue humu. Zisomeni kwenye waraka wa kufuzu wa mchezo wenyewe.

SWALI: Kijana wetu alikimbia mita 800 kwa 1:44.50, na kiwango kilikuwa 1:44.70. Redio zote zikasema amekata tiketi. Hakwenda. Nani alimdhulumu?

JIBU: Pengine hakuna. Kufikia kiwango kunampa mtu haki ya kufikiriwa tu. Kwanza tazama tarehe. Kwa mbio nyingi za uwanjani, kipindi cha kufuzu Paris kilianza 1 Julai 2023 na kufungwa 30 Juni 2024. Muda mzuri wa Juni 2023 haukuwa na kazi yoyote. Marathoni ilikuwa na kipindi chake, 1 Novemba 2022 hadi 30 Aprili 2024. Ndiyo maana 2:03:00 ya Gabriel Geay wa Tanzania, aliyoikimbia Valencia Desemba 2022, ilihesabika, ilhali mkimbiaji wa mita 5000 aliyeng'ara mwezi huohuo ilimbidi aanze upya.

Pili, hesabu wenzake. Nchi hairuhusiwi kupeleka zaidi ya wanariadha watatu katika tukio moja. Kiwango cha marathoni ya wanaume kilikuwa 2:08:10, na Wakenya na Waethiopia walioshuka chini ya hapo ni wengi mno kwa nafasi tatu. Hapo anayeamua ni shirikisho la taifa na kamati ya Olimpiki ya nchi, si saa. Wanawake wa Kenya walioanza marathoni ya Paris walikuwa Peres Jepchirchir, Hellen Obiri na Sharon Lokedi. Lokedi aliingia baada ya Brigid Kosgei kutolewa kikosini, akamaliza wa nne. Kwa hiyo hata aliye nje ya watatu ana sababu ya kuendelea na mazoezi, na shabiki wake ana sababu ya kuendelea kufuatilia.

Tatu, uliza nchi inateuaje. Marekani huchukua watatu wa kwanza wa mchujo wao, mradi wana sifa za kufuzu. Nchi nyingine huacha nafasi moja mikononi mwa wateuzi, na nyingine hujiwekea masharti makali kuliko ya dunia. Ukiujua utaratibu wa nchi yako kabla ya mchujo, hutashangazwa na matokeo yake.

SWALI: Niliona 9.98 kwenye mita 100, na kiwango kilikuwa 10.00. Mtoa maoni akasema haihesabiki. Kwa nini?

JIBU: Tazama tarakimu ndogo iliyoandikwa kando ya muda. Hiyo ni kasi ya upepo kwa mita kwa sekunde. Katika mita 100, mita 200, viunzi vya mita 100 na 110, kuruka chini na miruko mitatu, upepo wa mgongoni ukizidi +2.0 matokeo hayatumiki kama kiwango. Tarakimu ikiwa na alama ya kutoa, alikimbia akipingwa na upepo, na muda wake ni mzuri kuliko unavyoonekana.

Kasoro nyingine hazionekani kwenye tarakimu. Muda wa saa ya mkononi haukubaliwi katika mbio fupi. Kipande cha mtu aliyepokea kijiti ndani ya mbio za kupokezana vijiti hakigeuki muda wake binafsi, hata televisheni ikikitangaza kwa mbwembwe. Shindano lenyewe lazima liwe limesajiliwa mapema kwenye kalenda ya World Athletics, shirikisho la riadha la dunia. Mashindano ya kualikana yaliyopangwa wiki iliyopita yanaweza kumpa mtu sifa mtaani na yasimpe kitu kwenye orodha.

Kwenye barabara, tazama mteremko. Mstari wa mwisho usiwe chini ya mstari wa kuanzia kwa zaidi ya mita 1 kwa kila kilomita. Marathoni ya Boston, Marekani, huvuka mpaka huo, na mstari wake wa kuanzia uko mbali mno na wa kumalizia ukipima moja kwa moja. Ndiyo sababu Geoffrey Mutai alipokimbia 2:03:02 mwaka 2011, wakati huo hakuna aliyewahi kukimbia marathoni kwa kasi hiyo, muda wake haukuandikwa kama rekodi ya dunia.

SWALI: Nielezeni hizi pointi za ubora. Mtu anashinda mbio lakini anashuka kwenye orodha!

JIBU: Hapa ndipo mashabiki wengi hupotea, na ndipo karibu nusu ya washiriki wa Paris walipotarajiwa kutoka, kwa kuwa viwango viliwekwa juu makusudi ili nafasi zilizobaki zijazwe kwa orodha ya ubora.

Kila matokeo yana pointi za aina mbili. Za kwanza zinatokana na muda au umbali wenyewe, kwa jedwali la World Athletics. Za pili ni za nafasi uliyoshika, na hizi hutegemea daraja la shindano. Olimpiki na Mashindano ya Dunia ndiyo yenye thamani kubwa zaidi, Diamond League, mfululizo wa mashindano makubwa ya kila mwaka, iko juu, ubingwa wa bara una uzito mzuri, ubingwa wa taifa uko katikati, na mashindano madogo huambulia kidogo au hayapati pointi za nafasi kabisa. Kisha huchukuliwa wastani wa matokeo bora: matano kwa matukio mengi, matatu kwa mita 5000 na mita 3000 kuruka viunzi na maji, mawili kwa mita 10,000 na marathoni. Baadhi ya matukio ya jamaa huingia humo; maili moja, kwa mfano, huhesabiwa pamoja na mita 1500, na mita 60 za ukumbini pamoja na mita 100.

Chukua mkimbiaji mwenye 1220, 1205, 1198, 1190 na 1187. Jumla ni 6000, wastani 1200. Wiki ijayo anashinda mbio na kupata 1185. Kashinda, kapigiwa makofi, lakini wastani haukuguswa kwa sababu 1185 ni ndogo kuliko matokeo yake ya tano. Wiki hiyohiyo mpinzani wake anamaliza wa sita Diamond League kwa muda mkali, anapata 1215, anampita. Baadaye kijana wetu anapata 1202: inaondoa ile 1187, jumla inakuwa 6015, wastani 1203. Pointi tatu tu, na katikati ya orodha, ambako watu wamebanana, zinaweza kuwa na maana kubwa.

Kushuka bila kukimbia nako kuna sababu. Matokeo huzeeka, yakitoka nje ya kipindi huondolewa, na lililokuwa la sita huingia nafasi yake. Na mwenye matokeo manne pale yanapotakiwa matano hayumo kabisa kwenye orodha, hata manne hayo yawe ya ajabu. Kosa hili huwaumiza hasa waliotoka majeruhi: wanasubiri wawe fiti kamili, wanatokea Mei, na hadi 30 Juni hawajapata mashindano ya kutosha. Kwetu sisi, kocha anayepanga mbio tano za daraja la kati mapema ana akili kuliko anayewinda muda mmoja wa miujiza mwishoni.

SWALI: Mwanariadha wetu yuko namba 75 duniani na nafasi ni 48. Nikate tamaa?

JIBU: Usikate bado. Namba 75 ni ya orodha ghafi, yenye Wamarekani saba, Wakenya sita na kadhalika. Orodha ya kufuzu hubakiza watatu wa kila nchi. Fungua ukurasa wa World Athletics ulioitwa Road to Paris (kwa mashindano mengine jina hubadilika), chagua tukio, utaona waliopita kwa kiwango, waliopita kwa ubora, na mstari wa mwisho. Namba 75 ghafi inaweza kuwa 46 pale.

Idadi ya nafasi hutofautiana kwa kila tukio. Paris ilikuwa 56 kwa mita 100, 48 kwa mita 800, 45 kwa mita 1500, 42 kwa mita 5000, 27 tu kwa mita 10,000, 80 kwa marathoni na 32 kwa kila tukio la kurusha na kuruka. Aliye 50 kwenye mita 800 bado ana pumzi, kwa sababu wapo waliofuzu mita 800 na 1500 watakaochagua moja, watakaoumia, na ambao kamati zao zitawakatalia. Nafasi hizo hushuka kwa anayefuata. Majina ya mwisho ya Paris yalipaswa kufika 8 Julai 2024, kwa hiyo siku chache baada ya 30 Juni orodha ilikuwa bado inacheza. Aliye 60, kwa kweli, ombeni tu.

Unapofuatilia watu kadhaa, chora jedwali: jina, tukio, matokeo bora ndani ya kipindi, tarehe na mahali, upepo, tofauti na kiwango, nafasi baada ya kuchuja, na pointi za mtu wa mwisho anayeingia. Safu hiyo ya mwisho ndiyo wengi huisahau, na ndiyo inayoonyesha kama mtu wako anakaribia au mstari unamkimbia. Isahihishe mara moja kwa wiki. Orodha haibadiliki kila saa.

SWALI: Kwa nini Kenya ilifanyia mchujo wa mita 10,000 Marekani wakati Nairobi kuna viwanja?

JIBU: Ni hewa. Nairobi iko juu sana, oksijeni ni haba, na mbio ndefu huenda polepole. Kiwango cha wanaume kilikuwa 27:00.00. Huko Eugene, tarehe 25 Mei 2024, Daniel Mateiko, Nicholas Kimeli na Bernard Kibet walimaliza wote kati ya 26:50 na 26:52, na Beatrice Chebet akaweka rekodi ya dunia ya 28:54.14. Mbio fupi hazina tatizo hilo. Hewa nyepesi huzisaidia. Ferdinand Omanyala alikimbia 9.79 Nairobi mwezi uliofuata.

SWALI: Inawezekana mtu akawa na muda, ana nafasi kitaifa, na bado akazuiwa?

JIBU: Ndiyo, kwa vipimo vya dawa zilizokatazwa, hata kama hajatumia chochote. Nchi zilizowekwa kundi A na kitengo cha uadilifu cha riadha lazima wanariadha wao wawe wamepimwa angalau mara tatu nje ya mashindano, bila taarifa, ndani ya miezi 10 kabla ya michezo, na vipimo viachane kwa wiki tatu au zaidi. Kabla ya Olimpiki ya Tokyo, mwaka 2021, Wanigeria 10 walizuiwa kwa kukosa vipimo hivyo. Wajibu wa kuhakikisha vinafanyika uko kwa shirikisho, kwa hiyo swali la kumuuliza kiongozi mapema mwaka wa Olimpiki ni hili: nani bado hajapimwa mara tatu?

SWALI: Je, kuogelea na ndondi zina mfumo huohuo?

JIBU: Hapana. Kuogelea kuna viwango viwili. Kwa mita 50 mtindo huru wanaume, Paris, kiwango cha juu kilikuwa 21.96 na cha chini 22.07, tofauti ya nusu asilimia. Nchi iliweza kuingiza wawili ikiwa wote wana kile cha juu. Mwenye kile cha chini alisubiri mwaliko. Muda uwe wa bwawa la mita 50. La mita 25 huongeza mageuko na hivyo kasi, kwa hiyo halikubaliki. Nchi isiyo na mwogeleaji aliyefuzu huweza kupewa nafasi ya upendeleo, mwanaume mmoja na mwanamke mmoja, na kwa Paris walipaswa kuwa wameshiriki Mashindano ya Dunia ya Fukuoka 2023 au Doha 2024.

Ndondi hupitia mashindano ya kufuzu. Afrika ilianza Dakar Septemba 2023, kisha yakaja ya dunia, Busto Arsizio na Bangkok, mwaka 2024. Nafasi ni ya bondia kwa jina lake, akiumia nchi haimpeleki mwingine. Mpira wa kikapu ni tofauti tena: Sudan Kusini walifuzu kwa kuwa timu bora ya Afrika kwenye Kombe la Dunia la 2023. Kwa kila mchezo uliza kwanza nafasi ni ya mtu au ya nchi.

SWALI: Kupokezana vijiti je?

JIBU: Timu 16 kwa kila tukio. Paris, 14 zilipatikana Nassau, Bahamas, tarehe 4 na 5 Mei 2024, na mbili kwa muda bora. Waliokosa siku hizo mbili walibaki kubahatisha nafasi mbili.

SWALI: Mwakilishi wetu alikuwa wa saba kwenye mchujo wa mita 1500 Paris, tukazima runinga. Kesho yake tukasikia anakimbia tena!

JIBU: Paris ilileta raundi ya fursa ya pili kwa mita 200, 400, 800, 1500 na mbio za viunzi. Asiyepata Q kubwa, yaani kupita kwa nafasi, kwenye raundi ya kwanza hurudi siku nyingine, na wachache wa mbele huingia nusu fainali. Herufi ndogo q, kupita kwa muda, haikuwepo kwenye raundi ya kwanza ya mbio hizo. Mita 100, 5000 na 10,000 hazikuwa na raundi hiyo. Unapochapa ratiba ya kutazama, weka alama kwenye raundi ya fursa ya pili pia, hata kama mtu wako ni bingwa. Mabingwa nao huteleza asubuhi ya kwanza.