Furaha ya Bwana kwenye Meza ya Fundi Cherehani

Ijumaa moja alasiri, siku mbili kabla ya Dominika ya Komunyo ya Kwanza katika parokia yetu hapa Morogoro, mama mmoja alifika kwenye kibanda changu cha ushonaji akiwa amemshika mkono binti yake wa miaka kumi, wakaomba gauni jeupe ambalo nilikuwa nimewaahidi kulitoa Jumanne. Gauni halikuwepo. Kitambaa chenyewe kilikuwa bado kimekunjwa kabatini, hakijaguswa na mkasi, kwa sababu mwezi ule nilikuwa nimepokea kazi mara mbili ya ile niliyoweza kuimaliza, na kila aliyeniuliza siku nilimjibu "njoo Jumanne" bila hata kufungua daftari. Nikamwambia yule mama kwamba umeme ulikatika siku tatu mfululizo. Binti akanitazama, kisha akamwambia mama yake kwa sauti ya chini ambayo niliisikia vizuri: "Mama, juzi tulipita hapa, taa ilikuwa inawaka."

Dominika ile nilikuwa kwenye kwaya. Watoto waliingia kwa maandamano wakiwa na mishumaa mikononi, na miongoni mwao alikuwamo yule binti, amevaa gauni la kuazima lililomzidi mabega, nami nikashindwa kumaliza ubeti. Nimebatizwa tangu utotoni, nimekuwa mwana WAWATA, umoja wa Wanawake Wakatoliki Tanzania, kwa miaka mingi, na sikumbuki Dominika niliyokosa Misa nikiwa mzima wa afya. Hata hivyo kwa muda mrefu nilikuwa nikijiuliza kwa nini ninaimba habari za furaha ya wokovu kisha ninarudi nyumbani nikiwa mzito na mwenye hasira ndogondogo zisizokuwa na sababu. Nilidhani tatizo ni sala, nikaongeza novena, zile sala za siku tisa. Nilidhani ni uchovu, nikapunguza shughuli za parokia. Kumbe furaha yangu haikuwa imepotelea kanisani hata niitafute huko. Ilikuwa imepotelea pale pale kwenye cherehani, katika maneno niliyokuwa nikiwaambia watu Jumatatu hadi Jumamosi.

Nawaandikia hasa wale wanaoshika ibada kwa uaminifu lakini furaha hawaioni. Ushauri wangu wa kwanza, na kwa kweli ndio ulio mkubwa kuliko yote nitakayosema, ni kwamba kabla ya kuongeza sala nyingine, chunguza mahali unapopatia riziki yako uone kama kuna uongo mdogo uliouzoea kiasi kwamba huuhesabu tena kuwa dhambi.

Nilipokwenda kuungama, padre hakunipa rozari kama nilivyotarajia. Aliniagiza niende kwa yule mama nikaombe radhi na kurudisha fedha ya kianzio, kisha mteja wa kwanza atakayeingia kibandani nimtajie siku ya kweli, hata kama siku hiyo itamfanya aondoke na kitambaa chake. Nilikwenda jioni ile ile, kwa miguu, nikitamani njia iwe ndefu zaidi. Mama alinipokea mlangoni, akaichukua fedha, akasema amenisamehe, na hajaniletea kazi tena hadi leo. Ninamsalimu tunapokutana kanisani naye ananiitikia kwa upole. Msamaha ule ni wa kweli ingawa kitambaa hakikurudi, na nimejifunza kutomdai kitambaa kama uthibitisho.

Bwana wetu alisema katika Injili ya Mathayo, sura ya 5 mstari wa 37: "Bali maneno yenu yawe Ndiyo, ndiyo, Siyo, siyo." Nilikuwa nimeusikia mstari huu tangu mafundisho ya Kipaimara nikiudhania kuwa unahusu viapo vya mahakamani. Sasa ninauona kuwa mstari wa mafundi. Wenzangu wa cherehani wananielewa, maana "njoo kesho" imekuwa salamu ya kazi yetu, na mteja naye ameizoea hata akiambiwa Jumatano anaongeza siku tatu mwenyewe moyoni. Wahenga walisema ahadi ni deni, nasi tumekuwa watu wenye madeni kwa mtaa mzima.

Namna nilivyoanza kulipa deni hilo ni ya kawaida kabisa, na nitaieleza kwa kirefu kidogo kwa sababu nafikiri wengi hukwama hapa: hutubu kwa machozi, lakini hawabadilishi utaratibu unaowaangusha. Nilikaa usiku mmoja na daftari la vipimo nikajipima mwenyewe. Gauni la kitenge lenye bitana na zipu hunichukua siku nzima tangu kukata hadi kupiga pasi; sketi ya shule na shati lake ni kama siku moja pia, ikiwa hakuna kufumua; suruali kidogo zaidi. Hivyo kwa juma la siku sita za kazi sikuwa na uwezo wa kutoa nguo zaidi ya sita, na mimi nilikuwa nikipokea kumi na mbili. Nikachora mistari sita katika kila ukurasa, mstari mmoja kwa siku moja, na mistari ikijaa nikawa ninamwambia anayekuja: "Juma hili nimejaa, ninaweza kukupa Alhamisi ya juma lijalo; kama ni haraka, yule fundi wa jirani ana nafasi." Mwezi wa kwanza ulikuwa mgumu. Wateja kadhaa waliondoka, na kodi ya kibanda niliilipa kwa kuchelewa, jambo lililonipasa kumweleza mwenye nyumba mapema badala ya kumkwepa, na hilo nalo lilikuwa sehemu ya kitubio.

Kisha siku moja, nikiwa nimeinama kwenye pindo, kivuli cha mtu kikapita mlangoni na nikatambua kwamba moyo wangu haukushtuka. Kwa miaka mingi kila hatua niliyoisikia nje ilinifanya nihesabu haraka ni nani anayenidai siku na uongo upi nitautumia. Mara nyingine nilijificha nyuma ya pazia nikamtuma kijana aseme sipo. Siku ile niliinua kichwa nikatazama ni nani, nikamkaribisha. Sijui namna nyingine ya kuieleza furaha ya Kikristo iliyo ya kila siku zaidi ya hiyo: kutokuwa na sababu ya kujificha mtu anapokuja. Mtume Paulo, anapoyataja matunda ya Roho katika Waraka kwa Wagalatia, huiweka furaha mara baada ya upendo, na tunda halipandwi lenyewe. Hupandwa mbegu, likaja tunda. Nilikuwa nikijaribu kupanda furaha moja kwa moja, kwa kulazimisha tabasamu, kwa kupaza sauti kwenye kwaya, wakati udongo wenyewe haukuwa umelimwa.

Baada ya kurekebisha siku za ahadi, vilifuata vipande vya vitambaa. Kila fundi anajua kwamba mteja analeta doti ya kitenge, nguo inatoka, na kuna kipande kinachobaki. Na wengi wetu tumekihesabu kuwa chetu bila kuuliza. Sasa ninakikunja pamoja na nguo na kumpa mwenyewe, na wengi wao huniambia nikibakize. Hivyo ndivyo nilivyopata kapu la vipande vilivyotolewa kwa hiari, na kwa hivyo nashona kofia na vifuniko vidogo vya watoto wachanga ambavyo wanajumuiya wenzangu huwapelekea kina mama waliojifungua bila maandalizi. Hapa ndipo nilipoielewa sura ya 8 ya Nehemia, ambayo watu wengi wanaijua kwa maneno yake machache tu, kwamba furaha ya Bwana ni nguvu zetu. Watu walikuwa wamekusanyika mbele ya lango la maji, Ezra akawasomea torati tangu mapambazuko hata adhuhuri, nao wakalia kwa kuona walivyoikosea. Walipoambiwa wasihuzunike hawakuambiwa wajikaze, waliambiwa waende kula kilichonona, wanywe kilicho kitamu, na "mpelekeeni sehemu yeye asiyewekewa kitu." Sehemu ya mwenzako imo ndani ya sikukuu yenyewe. Ukiitoa, furaha inakuwa na mahali pa kukaa.

Kuhusu sala wakati wa kazi nitasema machache. Kengele ya saa sita ikilia ninasimamisha mguu, ninasali Malaika wa Bwana, ninaendelea. Kila ninapoanza kukata nguo ninamtaja mwenye nguo na kumwombea Salamu Maria moja. Hilo limenisaidia kuliko nilivyotegemea, kwa maana ni vigumu kumshonea vibaya mtu uliyetoka kumwombea. Mtakatifu ninayemwomba katika kazi hii ni Josefina Bakhita, binti wa Darfur aliyetekwa utotoni akauzwa mara kadhaa utumwani, kisha akabatizwa nchini Italia mwaka 1890 na kuwa mtawa wa Shirika la Wakanosa. Kwa miaka mingi katika mji wa Schio alikuwa mpishi, mshonaji, mdarizi na bawabu wa konventi, kazi ambazo hakuna anayezitazama mara mbili, na alipofariki mwaka 1947 watu wa mji ule walimlilia kama mama yao. Mtu aliyebeba makovu ya mijeledi mwilini aliwawekea watoto wa shule mkono kichwani kwa upole kila walipopita mlangoni pake. Ninapochoka na mteja mgumu, namkumbuka Bakhita mlangoni.

Nyumbani nilikosea kwa njia nyingine. Niliwalazimisha watoto rozari nzima kila usiku wakiwa wanasinzia, nikiwakemea kati ya fumbo na fumbo, na kijana wangu mkubwa akaanza kuchelewa kurudi makusudi. Tukapunguza hadi fumbo moja, kila mtu akitaja kwanza jambo moja la siku ile analomshukuru Mungu kwalo. Kuna usiku ambao shukrani ni ugali umeiva vizuri, na tunaipokea hiyo hiyo. Paulo aliwaandikia Wathesalonike wafurahi siku zote, waombe bila kukoma, washukuru kwa kila jambo, akiyaweka matatu hayo mahali pamoja, nami nimeona nyumbani kwangu kwamba ukiliondoa la tatu, la kwanza na la pili yanageuka kuwa amri tupu.

Lipo jambo moja ambalo nawaomba wenye ari tulitazame kwa uangalifu. Mama yangu mzazi alipofariki, dada mmoja wa imani alinishika bega siku ya mazishi akaniambia nisilie, kwa kuwa Mkristo hufurahi sikuzote. Najua alikuwa na nia njema na alikuwa akinukuu Wafilipi 4:4, lakini neno lile liliniumiza kwa miezi. Paulo aliyeandika "furahini" aliandika akiwa kifungoni, hakuandika ili kumnyima mtu machozi, na huyo huyo aliwaambia Warumi walie pamoja nao waliao. Bwana Yesu mwenyewe alilia kaburini kwa Lazaro, hali akijua atakalolifanya dakika chache baadaye. Ukienda msibani, usihubiri furaha. Chota maji.

Ndivyo ilivyofanya jumuiya yangu. Maaskofu wetu wa Afrika Mashariki waliokutana chini ya AMECEA, umoja wa mabaraza yao ya maaskofu, mwaka 1976 waliweka jumuiya ndogondogo za Kikristo kuwa kipaumbele cha uchungaji, na sisi huku chini tunaijua jumuiya kwa nyumba kumi na kadhaa zinazokutana kila Jumamosi alfajiri, kabla ya watu kwenda sokoni. Kwa miaka mingi nilihudhuria ili jina langu liandikwe, kwa hofu kwamba siku ya ubatizo wa mtoto au ya mazishi nitaulizwa mahudhurio. Katika msiba ule walikuja na sufuria, kuni, sukari na majani ya chai. Wanaume wakafunga turubai. Wanawake walilala sakafuni pamoja nami siku tatu, na usiku wa pili mmoja wao akakumbuka jinsi mama alivyokuwa akikosea maneno ya wimbo mmoja wa Majilio kila mwaka na kuyaimba kwa sauti kubwa kuliko wote. Tukacheka hadi tukalia tena. Ilikuwa furaha ya kweli, ndani ya nyumba ya msiba, na hakuna aliyeiamuru. Kwa hiyo nawashauri wale wanaoenda jumuiya kwa ajili ya daftari la mahudhurio waendelee kwenda, lakini waanze kukaa dakika kumi baada ya sala, waulize nani mgonjwa, nani hajaonekana.

Sasa ni msimu wa sare za shule, na kibanda kimejaa kitambaa cha bluu na cheupe. Nina kijana anayejifunza kazi kwangu, mwaka wa pili huu, ambaye sikuwahi kumweleza habari ya lile gauni la Komunyo. Jana baba mmoja aliingia na kitambaa cha sare tatu akitaka zote zitoke Jumatatu, nami nilikuwa nikipima mtu mwingine kwa futi kamba nikiwa nimeshikilia pini midomoni, nisiweze kujibu. Kijana akafungua daftari, akapitisha kidole kwenye ile mistari sita, akasema: "Mzee wangu, Jumatatu haiwezekani. Ijumaa ijayo ninakuandikia, na Ijumaa utazikuta."

Yule baba alisimama kidogo akimtazama, kisha akaweka kitambaa mezani.