Kupima mawingu ya chini kwa rada: ushauri kwa wanaoanza

Anayeingia katika kazi ya rada za mawingu akitokea kwenye rada za mvua huja na mazoea ambayo mengi ni mema, ila moja litamponza. Rada za mvua hutumia mawimbi ya sentimita 5 hadi 10, ilhali za mawingu hutumia mawimbi ya takriban milimita 8.6 au 3.2, kwa kuwa matone ya wingu, yenye kipenyo cha mikromita 10 hadi 20 hivi, hayarudishi mwangwi wa maana kwa mawimbi marefu. Tofauti hiyo huzoeleka upesi. Kinachoponza ni kuamini kwamba palipo na mwangwi mkubwa ndipo palipo na maji mengi.

Mimi niliponzwa na imani hiyo katika kazi yangu ya kwanza, nilipokuwa nikichambua takwimu za rada kutoka kisiwa cha Graciosa, katika visiwa vya Azores vya Ureno kwenye Atlantiki, ambako mawingu ya stratokumulasi, yaani mawingu ya chini yaliyotandaa kwa mafungu, huifunika bahari mara nyingi. (Aliyekulia Nairobi na kuiona anga ya Julai hahitaji kuelezwa mawingu ya chini yanavyofanana.) Nilitumia fomula ya kugeuza nguvu ya mwangwi kuwa gramu za maji kwa kila mita ya ujazo, nikapata wingu lenye maji mara kadhaa ya yale yaliyopimwa na radiomita ya mikrowevu (chombo kinachokadiria jumla ya maji ya wingu kwa mnururisho unaotoka angani) iliyosimama kando ya rada ileile. Nikapoteza wiki nzima nikisaka kosa katika programu yangu, kumbe programu haikuwa na tatizo: wingu lilikuwa na manyunyu.

Hesabu yake ni fupi, na ningependa kila mgeni aifanye kwa mkono kabla hajagusa kompyuta. Maji yaliyomo katika tone hutegemea kipenyo kwa kipeo cha 3, lakini mwangwi wake hutegemea kipenyo kwa kipeo cha 6. Tone la manyunyu la mikromita 200 lina maji ya matone 1,000 ya mikromita 20, ila hutoa mwangwi wa matone 1,000,000 ya aina hiyo. Matone machache ya manyunyu, ambayo maji yake hayaongezi chochote cha kutajika, hutosha kuyafunika matone yote ya wingu, na rada ikabaki kukueleza habari za manyunyu peke yake.

Kwa hiyo tenga kwanza mawingu yenye manyunyu na yasiyo nayo, ndipo ufikirie fomula. Usitegemee nguvu ya mwangwi pekee katika kutenga. Tazama pia mtawanyiko wa kasi za Doppler, yaani kasi ambazo matone huisogelea rada au huiacha. Matone ya wingu huanguka kwa sentimita 1 hivi kwa sekunde, yaani huenda na hewa inakoenda, bali tone la mikromita 200 huanguka kwa takriban sentimita 70 kwa sekunde. Ndiyo maana manyunyu yanapoanza, mchoro wa kasi huota mkia upande wa kushuka, mara nyingine kabla nguvu ya mwangwi haijaonyesha lolote.

Kitako cha wingu nacho usikitafute kwa rada, kwa sababu manyunyu yaliyokwisha kutoka chini ya wingu huonekana kama wingu lenyewe. Tumia kipimo cha leza, ambacho mwangwi wake hufuata kipenyo kwa kipeo cha 2 tu, hivyo matone madogo, kwa wingi wao, hayamezwi.

Pale ambapo hakuna manyunyu, chukua jumla ya maji kutoka radiomita, uigawe kwa kila kimo kulingana na kipeuo cha pili cha mwangwi, ukichukulia kwamba idadi ya matone haibadiliki sana kutoka kitako hadi kilele. Naipenda njia hii kwa sababu kosa la kudumu katika usawazishaji wa rada (kuoanisha vipimo vyake na kiwango sahihi) hujifuta lenyewe. Na kosa la desibeli 3 tu, ambalo si la ajabu, hukupa mwangwi maradufu.

Anayetaka kuzikimbia taabu hizi kwa kutumia setilaiti ajue kwamba CloudSat, iliyorushwa mwaka 2006 ikiwa na rada ya gigahetzi 94 (yaani mawimbi ya milimita 3.2), haikuweza kuona vyema takriban kilomita 1 ya mwisho juu ya ardhi au bahari, kwa kuwa mwangwi wa uso wa dunia ulifunika kila kitu, na humo ndimo stratokumulasi nyingi huishi.