Moshi wa sufi na nyuki wa pilipili manga

Sisi hucheza vita mezani kwa vijiaskari vya kuchezea, na moshi wa vitani tunautengeneza wenyewe. Moshi wangu wa kwanza haukumaliza hata raundi moja. Nilikuwa nimepanga mafungu sita ya pamba katikati ya vijiaskari vyangu vya kimo cha milimita 28, wenzangu wakaingia wanatiririka jasho, mmoja akawasha pangaboi. Dar hii, mwezi wa pili, utamlaumu? Moshi wote tuliuokota chini ya kochi.

Kwa hiyo anza na kitako kizito. Vizibo vya soda nilivijaribu, ni vyepesi mno. Nenda duka la vifaa vya ujenzi ukachukue washa kubwa za nati (vile visahani vya chuma vyenye tundu) na waya wa kufungia nondo. Kata waya urefu wa kidole, uviringishe chini, ubandike juu ya washa kwa gundi ya mbao; waya huo ndio utakaoshika moshi. Uache usiku kucha. Wakati wa masika uache siku mbili, unyevu wetu mnaujua.

Pamba achana nayo, inashikana donge kama ya kusafishia kidonda. Tafuta sufi. Mimi nilipasua mto wa zamani (mke wangu hadi leo anaulizia ule mto). Sufi inabaki imetutumka, ukiitazama kwa mbali ni moshi kabisa. Ila inapeperuka, jifunge kitambaa puani.

Shida ya sufi ni rangi. Ina nta, haikubali maji. Ndiyo maana zamani iliwahi kujazwa kwenye majaketi ya kuokolea watu baharini. Rangi ya maji inateleza tu juu yake. Dawa yake ni tone la sabuni ya vyombo ndani ya rangi. Kwa moto, weka njano chini kabisa, nyekundu juu yake, nyeusi mwishoni; wengi wanageuza. Njano unaweza kutumia manjano ya jikoni, ila usiiache dirishani, jua linaipausha.

Vilima vya lile povu jeupe la ndani ya boksi la friji ni vizuri, lakini rangi ya kupuliza ya kopo usiisogeze. Kilima changu kilitafunwa nikikiangalia. Kipake kwa brashi.

Sasa nyuki. Sisi tunapenda kucheza vita vya Tanga, Novemba 1914: Waingereza na jeshi lao la kutoka India, watu kama 8,000, dhidi ya askari wapatao 1,000 wa Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani. Nyuki nao wakaingilia. Chambua sufi mpaka iwe nyembamba kama utando wa buibui, ipulizie gundi nyeupe iliyozimuliwa, kisha nyunyiza pilipili manga iliyotwangwa nusunusu. Kikosi kikifikiwa na nyuki, hakisogei zamu hiyo.

Siku ya kwanza kuwatoa, mpwa wangu aliinama kuwaangalia, akapiga chafya. Nyuki wakaruka kutoka kwa Waingereza hadi kwa Wajerumani. Tulibishana robo saa, mwisho tukakubali ihesabiwe, maana hata kule Tanga waliuma pande zote mbili.