Apakati isiyopiga hodi

Kwa karibu miaka miwili nilipiga apakati, ile ngumi ya ndondi inayopanda kutoka chini kwenda kidevuni au mwilini, kama mtu anayechota maji mtungini. Mkono unashuka mpaka kiunoni, unarudi nyuma kidogo, halafu unapanda kwa nguvu zote. Kwenye begi la mazoezi ngumi hiyo ilitoa mlio mzito, nami nikaamini nimeiva. Siku kocha aliponipanga na mtu mwenye uzoefu, mlio ule haukunisaidia kitu. Kila mkono wangu wa kulia uliposhuka kwenda kuchota, huki yake ya kushoto, ngumi inayozunguka kutoka pembeni, ilikuwa imeshafika shavuni. Mara ya tatu nikajikuta nimepiga goti. Mpinzani wangu aliniinua mwenyewe, akaniambia taratibu: "Wewe unapiga hodi kabla hujaingia."

Maneno yale ndiyo yaliyobadilisha mazoezi yangu. Kama apakati yako inaonekana kabla haijafika, au inafika haina uzito, soma haya niliyoyapata kwa maumivu.

Jambo la kwanza ni kukubali kwamba ngumi hii haitoki mkononi. Inatoka kwenye unyayo. Mimi natumia mkono wa kulia, kwa hiyo mguu wa kushoto uko mbele. Nikitaka kupiga kwa mkono wa nyuma, nakunja magoti kidogo sana, kiasi ambacho anayenitazama usoni hawezi kukigundua, na uzito unaegemea mguu wa kulia. Kisha nausukuma mguu ule ardhini, kisigino kinageuka nje, nyonga inazunguka, bega linafuata, na ngumi inabebwa na mzunguko huo. Mkono umekunjwa karibu nyuzi 90 na kiganja kinanitazama mimi. Hakuna kushusha. Unapanda kutoka pale pale ulipokuwa ukilinda kidevu, au sentimita chache tu chini yake.

Kusema ni rahisi. Mwili wangu ulikataa kabisa, maana ulishazoea kuchota. Kocha akanipeleka ukutani. Alinisimamisha mgongo ukielekea ukuta, kisigino cha nyuma karibu kiuguse, akaniambia nipige apakati 20 polepole. Kiwiko kikigusa ukuta, umeirudisha ngumi nyuma, hiyo haihesabiwi, anza upya. Jioni ile sikufika 20. Nilifika 6, kiwiko kikagonga. Nikafika 9, kikagonga tena, ngozi ikaanza kuchubuka. Lakini ukuta haubembelezi wala hauchoki kukukumbusha. Baada ya wiki mbili hivi mkono uliacha wenyewe kurudi nyuma, nami nikalazimika kutafuta nguvu mahali pengine. Hapo ndipo miguu ilipoanza kufanya kazi yake.

Kuna zoezi jingine ambalo wengi hulidharau kwa sababu halina ngumi ndani yake. Weka mikono yote miwili mashavuni, uiache hapo, kisha fanya mwendo wote wa apakati kwa magoti, nyonga na mabega tu. Kulia, kushoto, kulia, kushoto, raundi nzima ya dakika tatu. Mapaja yasipowaka moto, bado unapiga kwa mkono.

Sasa umbali, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu hapa ndipo watu wengi wanapoumizwa. Apakati ni ngumi ya karibu. Inapogonga, kiwiko lazima kiwe bado kimekunjwa. Ukiona mkono unanyooka ili ufike, umesimama mbali mno. Ngumi haina uzito tena, kidevu chako kiko wazi, na huki ya mpinzani inapita juu ya mkono wako bila kizuizi. Mimi hupima hivi: kama naweza kumgusa kwa jebu, ngumi ya moja kwa moja ya mkono wa mbele, bila kusogeza mguu, na mkono umenyooka kabisa, huo si umbali wa apakati. Inabidi niingie hatua nzima zaidi, na niingie nikiwa nyuma ya ngumi nyingine. Kuingia na apakati kama ngumi ya kwanza kutoka mbali ni kujitoa mhanga.

Ngumi hii inamtafuta mtu aliyeinama. Ukitaka kuliona jambo hili waziwazi, tafuta pambano la George Foreman na Joe Frazier lililopigwa Kingston, Jamaika, Januari 1973. Frazier alikuwa bingwa wa dunia wa uzito wa juu, na mtindo wake ulikuwa kuinama na kuyumba huku akisonga mbele bila kukoma. Mtindo huo uliwasumbua mabondia wengi, lakini kwa Foreman ulimpeleka moja kwa moja kwenye ngumi zilizokuwa zikipanda kumlaki. Frazier alianguka mara sita katika raundi mbili, na pambano likasimamishwa. Angalia jinsi kichwa cha Frazier kinavyosonga mbele ya miguu yake, na jinsi Foreman anavyopiga wakati huo huo kichwa kinapokuja.

Asipoinama, mfanye ainame. Njia ninayoitegemea zaidi ni huki ya mbavuni kwa mkono wa kulia, halafu apakati kwa mkono huo huo. Ya kwanza inakishusha kiwiko chake na kuufunga mwili, ya pili inapita katikati ya glovu zilizoachana. Mike Tyson alijulikana sana kwa mfululizo huu. Uzuri wake ni kwamba baada ya huki ya mwilini mkono tayari uko chini na magoti tayari yamekunjwa, kwa hiyo huhitaji kupiga hodi tena. Mkono wa kushoto nao unafaa sana mwilini: ini liko upande wa kulia wa mwili wa mpinzani, na apakati fupi ya kushoto chini ya mbavu zake humkata pumzi hata aliye mkubwa kuliko wewe. Kichwani usiipitishe juu sana. Ngumi ikishafika usawa wa macho yake, kazi imekwisha. Ikiendelea kupanda kuelekea dari inakuacha mbavu wazi.

Mkono usiopiga unabaki shavuni. Toa pumzi unapopiga. Haya mawili unayajua, yafanye tu.

Kama mchezo wako unaruhusu magoti, mfano muay thai, yaani ndondi za Kithai, au ngumi za mchanganyiko, punguza kuinama unapojiandaa. Bondia anaweza kushusha kichwa mpaka kifuani kwa mwenzake na akasalimika. Kwako wewe huko chini kuna goti linalopanda. Kunja magoti, mgongo ubaki wima.

Sasa kifundo cha mkono, ambacho mimi nilikilipia gharama. Begi la kawaida linaloning'inia limenyooka pande zote. Ngumi inayopanda haipati mahali pa kutua, inateleza juu ya ngozi ya begi na kifundo kinapinda nyuma. Nilifanya hivyo kwa hasira siku moja, bandeji nikiwa nimeifunga ovyo, na nikakaa wiki sita bila kupiga kitu. Tangu hapo apakati ya kichwani naipiga kwenye pedi, mwenzangu akizishika zikiangalia chini, au kwenye begi la mviringo lenye sehemu ya chini iliyojikunja. Begi la kawaida nalitumia kwa apakati za mwilini tu, zinazoingia kwa mshazari kwenda mbele. Bandeji yangu ina mita 4.5, na mizunguko mingi naiweka kwenye kifundo, sio vidoleni. Ngumi itue kwa vifundo vya kidole cha shahada na cha kati, mkono na kifundo vikiwa mstari mmoja.

Mwisho, jirekodi kwa simu ukiwa umesimama ubavu, na uangalie video kwa mwendo wa taratibu. Usitazame ngumi inavyotua. Tazama ni kitu gani kinachoanza kusogea. Kikianza goti, uko sawa. Ukianza mkono, rudi ukutani.

Jana nimejirekodi tena raundi mbili. Kushoto pako sawa. Kulia, kwenye ngumi ya 7 na ya 11, mkono ulishuka kabla goti halijaanza, na mara zote mbili nilikuwa nimeharakisha kwa sababu ya uchovu. Leo nitapunguza kasi, nianze na ukuta kabla ya begi.