Vyanzo Vitatu, Mdomo Mmoja

Juzi kijana wa dawati letu la ujasusi wa ugaidi kaniletea rasimu: "Vyanzo vitatu vimethibitisha." Nikamuuliza, vinajuana au havijuani? Akanitazama kama nimemuuliza mahari ya mama yake. Basi nawaandikia nyote mlioingia mwaka huu, maana kosa hilo nalijua tangu utoto wake, nililizaa mimi.

1. Fuateni taarifa hadi mdomo wa kwanza. Mwaka wangu wa pili, mtoa habari wetu alisema fundi rejeta fulani anaficha vitu vya kulipuka gereji. Wiki hiyohiyo polisi wa eneo wakaleta habari ileile, kisha ofisi rafiki ya ng'ambo nayo ikaileta, tena kwa Kiingereza cha kupendeza. Nikaandika "uwezekano mkubwa", nikapeleka juu, nikaenda kula pilau. Fundi alichukuliwa saa nane usiku mbele ya wanawe. Akaachiwa siku ya tisa. Gereji ilikuwa na mitungi ya gesi ya kuchomelea, basi. Nilipozirudia karatasi moja moja, nikakuta mtoa habari wetu ndiye aliyewaambia polisi, na marafiki wa ng'ambo tuliwaambia sisi wenyewe. Mwangwi wetu ulirudi, nikaupokea kama mgeni. Na yule mtoa habari? Fundi alikuwa anamdai pesa za injini. Bosi hakunifokea. Alinipeleka mtaani kule tukakaa mgahawani saa nzima. Mama wa mahamri, aliyezoea kutudokezea wapangaji wanaolala mchana na kutoka usiku, alitumiminia chai akatugeuzia mgongo. Hajatuambia neno mpaka leo.

2. Andikeni tarehe kamili. "Jana" si tarehe.

3. Msitafute ndevu. Kati ya magaidi walioshambulia hoteli ya DusitD2, Nairobi, Januari 15, 2019, yumo mtoto wa mwanajeshi wa Kenya.

4. Someni mafaili ya zamani, vumbi haliui. Agosti 1997 makachero wa Marekani na polisi wa Kenya walipekua nyumba ya Wadih el-Hage, mtu wa al-Qaeda, Nairobi, wakaondoka na kompyuta. Ndani mlikuwa na barua ya mtu mwenye hofu kwamba kundi lao la Afrika Mashariki limeshamulikwa. Mwandishi aliaminika kuwa Fazul Abdullah Mohammed, Mkomoro aliyekuwa akiishi humo. El-Hage akarudi Marekani, watu wakapumua. Agosti 7, 1998 malori mawili yakalipuka kwenye balozi za Marekani, Nairobi na Dar es Salaam, kwa kupishana dakika chache. Zaidi ya watu 220 wakafa, wengi wao wapita njia na waliokuwa kwenye jengo la Ufundi lililoporomoka. Fazul aliuawa Juni 2011 tu, Mogadishu, gari lake lilipoingia kwenye kizuizi cha askari wa serikali, si cha wenzake. Nanyi mnaniambia faili la 1997 ni refu, mngependa muhtasari!

Kijana wa "vyanzo vitatu", rasimu yako iko drooni kwangu. Nimeshahesabu: wawili ni mashemeji, wa tatu ni bodaboda wao.