Maswali ya Wasomaji: Haidroidi wa baharini ni akina nani na wanapatikana wapi?

Mwezi huu barua nyingi zimekuja kuhusu wale viumbe wa baharini wanaofanana na vijimiti na manyoya. Nimechagua chache, zingine zilikuwa zinauliza kitu kilekile.

SWALI: Mambo mhariri! Niliuziwa pambo kama jani la jimbi, kavu, kijani kabisa, nikaambiwa ni mmea wa ajabu hautaki maji wala udongo. Dada yangu anasema eti sio mmea, ni mnyama wa baharini. Ananitania au?

JIBU: Dada yako yuko sahihi, na wewe umeuziwa maiti, pole. Hao ni haidroidi, mara nyingi jamii ya Sertularia wanaovuliwa Bahari ya Kaskazini, wanakaushwa halafu wanatiwa rangi ya kijani, ndo maana "hautaki maji", kilichokwisha kufa kinywe maji ya nini. Ulichonacho ni ganda tu la kitini, ile kitu ngumu kama ya maganda ya wadudu. Chukua lenzi uangalie tawi moja kwa karibu, utaona vikombe vidogo vidogo vimepangwa safu mbili huku na huku kwenye kijiti, kila kikombe kilikuwa chumba cha polipu mmoja, yaani mnyama mmojammoja mwenye mdomo na minyiri, akiguswa anajirudisha ndani na kikombe kinafungwa na vijifuniko. Wote wameungana tumbo ndani ya kijiti, akila mmoja chakula kinawafikia na wenzake. Usijisikie vibaya lakini, hata wasomi walibishana miaka mingi. John Ellis, mfanyabiashara wa London, ndiye aliyetetea mwaka 1755 kwamba hivi ni vitu vya wanyama, na Linnaeus, yule Mswidi aliyepanga majina ya viumbe, mwaka 1758 bado akawaweka kundi la katikati, nusu mnyama nusu mmea.

SWALI: Shikamoo mwalimu. Darasani tumesoma Obelia na Hydra basi. Nikitafuta zaidi nakutana na Hydroida, Thecata, Leptomedusae, Leptothecata, kila mwandishi na lake. Nishike lipi?

JIBU: Marahaba. Hapo umegusa penyewe, maana vurugu ya majina ya haidroidi ina sababu yake na ukishaijua utapumua.

Faila, yaani kundi kuu, ni Nidaria, humo wamo pia matumbawe na mayavuyavu, na ngeli, kundi la chini yake, ni Haidrozoa, yenye spishi zinazokaribia 3,800 zilizokubalika. Ndani ya ngeli kuna ngeli ndogo mbili, Trachylina, ambao wengi wao maisha yao ni ya kuogelea tu, na Hydroidolina, ambao ndio wenye haidroidi tunaowaongelea. Hydroidolina ina oda tatu. Leptothecata ni wale wa vikombe, kama hao Sertularia na Obelia, wako kama spishi 2,000. Anthoathecata ni wale ambao polipu wao yuko uchi, ganda linaishia shingoni au halipo kabisa, na humu wanaingia Hydra wa maji yasiyo na chumvi, Hydractinia wanaoota juu ya magamba ya konokono yanayobebwa na kaa, na hata Millepora, yule anayeitwa tumbawe moto ingawa si tumbawe halisi. Ya tatu ni Siphonophorae, koloni (polipu wengi walioungana) zinazoelea kama Physalia mwenye puto la buluu. Hydroida ni jina la zamani, lilikuwa linakusanya watu wasiohusiana, siku hizi limeachwa. Ukiandika Leptothecata na Anthoathecata hakuna atakayekusahihisha.

Sasa kwa nini majina mawili mawili. Haidroidi wengi wana maisha ya sehemu mbili, kuna koloni ya polipu iliyogandia kwenye jiwe au mwani, halafu koloni inachipua medusa, yaani kayavuyavu kadogo, ambaye anajitenga anaenda zake kuogelea na ndiye mwenye mayai au mbegu, yai likirutubishwa linakuwa lava, yaani mtoto anayeogelea, anayeitwa planula, anatua mahali na koloni mpya inaanza. Tatizo ni kwamba waliokuwa wanachunguza koloni walikuwa watu wengine na waliokuwa wanavua medusa kwa nyavu nyembamba walikuwa watu wengine, kila upande ukatoa majina yake na familia zake na oda zake. Kwa hiyo mnyama mmoja akawa na vitambulisho viwili. Clytia hemisphaerica, haidroidi wa kawaida kabisa, medusa wake kwa muda mrefu aliitwa Phialidium, na Leptomedusae unaowaona vitabuni ndio haohao Leptothecata wakiangaliwa upande wa medusa. Njia ya kuthibitisha ilikuwa kufuga koloni mpaka itoe medusa na kumlea huyo medusa akomae, kazi ya wiki nyingi na wengi wanakufa njiani, siku hizi DNA imerahisisha na ndo hiyo inayoendelea kuvunja familia za zamani. Kwa maoni yangu usikariri familia, zitabadilika kabla hujamaliza chuo, kariri oda na mzunguko wa maisha.

SWALI: Naona spishi nyingi zimeandikwa zinapatikana "dunia nzima". Hivi mnyama aliyegandia jiweni anafikaje dunia nzima?

JIBU: Swali zuri, na jibu fupi ni kwamba wengine wanafika kweli na wengine ni sisi tumewafikisha kwa kalamu.

Wanaofika kweli wanatumia usafiri. Ungedhani wenye medusa ndio wasafiri wakubwa kwa kuwa wanaogelea, lakini angalia visiwa vya mbali kama Azores katikati ya Atlantiki, haidroidi wengi wa huko ni wale ambao hawaachii medusa kabisa! Maelezo yanayoaminika ni kwamba walisafiri koloni nzima, wamegandia kwenye mwani unaoelea au gogo, wanakula na kuzaa humohumo njiani, wakati medusa ana siku zake chache au wiki chache tu za kuishi na bahari ni pana. Kwenye ule mwani wa Sargassum unaoelea Atlantiki utakuta haidroidi wamejaa. Halafu zikaja meli. Cordylophora caspia asili yake ni eneo la bahari ya Kaspi na bahari Nyeusi, anapenda maji ya chumvi yaliyochanganyika na yasiyo na chumvi, leo yuko mabara mengi na anaziba mabomba ya mitambo inayovuta maji. Mfereji wa Suez nao, uliofunguliwa 1869, umewapitisha viumbe wa bahari ya Shamu kuingia Mediterania, na haidroidi wamo.

Waliofikishwa kwa kalamu ndio wengi zaidi, mimi naamini hivyo. Haidroidi ana alama chache za kumtambulia, kikombe, meno ya ukingo, pingili za kijiti, na umbo lenyewe linabadilika na mkondo wa maji. Mtu akiokota koloni Japani inayofanana na picha ya kitabu cha Ulaya anaipa jina la Ulaya, imetoka. Obelia geniculata ni mfano mzuri, yule wa kijiti cha zigizaga anayeota juu ya mwani mkubwa wa maji ya baridi, jina moja bahari zote, lakini vinasaba vilipopimwa vikaonyesha koo zilizotengana muda mrefu kati ya Atlantiki na Pasifiki. Hivyo ukisoma "dunia nzima" weka alama ya kuuliza pembeni.

Ila mpangilio wa kweli upo. Aglaopheniidae, wale wa manyoya, wamestawi zaidi bahari za joto hasa Hindi na Pasifiki ya magharibi. Sertulariidae wana spishi nyingi maji ya baridi ya Pasifiki ya kaskazini. Antaktika wana wa kwao, jenasi ya Oswaldella karibu yote ni ya huko na maeneo ya jirani. Na kina sio tatizo, safari ya meli ya Galathea ya Denmark ya 1950 hadi 1952 ilipata haidroidi zaidi ya mita 8,000 chini kwenye mtaro wa Kermadec, bonde la chini ya bahari karibu na New Zealand, na kuna Branchiocerianthus imperator wa kilindini ambaye polipu mmoja peke yake anapita urefu wa mita 1, wakati ndugu zake wengi polipu hafiki hata milimita 1. Lakini sehemu zingine zinaonekana maskini kwa sababu hakuna aliyekwenda kuangalia. Kusini mwa Afrika panaonekana tajiri, na ukichunguza ni kwa sababu mtafiti Naomi Millard alifanya kazi hiyo miaka mingi akaichapisha 1975. Ramani ya haidroidi kwa sehemu kubwa ni ramani ya watafiti walipokanyaga.

SWALI: Wanauma?

JIBU: Wote wana seli za kuchoma ila wengi hawatoboi ngozi yako. Wa kuogopa ni Macrorhynchia philippina, unyoya mweupe mzuri kwenye miamba ya bahari za joto, na Millepora. Usiguse, ukichomwa usisugue, suuza kwa maji ya bahari sio ya bomba, na ukibanwa kifua au uso ukivimba nenda hospitali.

SWALI: Nataka kuanza kukusanya haidroidi kwa ajili ya mradi wa chuo, nianzie wapi?

JIBU: Kwanza ulizia kibali, sehemu nyingi huwezi kuchukua tu. Halafu usiende mbali, angalia chini ya maboya, nguzo za gati, mwani, magamba. Kila koloni igawe mara mbili, kipande kwenye spiriti kali kwa ajili ya DNA na kipande kwenye fomalini kwa ajili ya umbo, maana fomalini inaharibu DNA na spiriti inakunjakunja polipu. Andika kina, tarehe, na alikuwa ameota juu ya nini, hicho cha mwisho watu wanakisahau na ndicho kinachosaidia sana. Muhimu kuliko vyote tafuta koloni yenye vifuko vya uzazi, vinafanana na vijichupa vikubwa kuliko vikombe vya kawaida, bila hivyo jenasi nyingi huwezi kufika kwenye spishi, kwa hiyo ukivikosa andika jina la jenasi, weka "sp.", yaani spishi haijajulikana, na uache hapohapo hata msimamizi wako akikunja uso.