Maswali ya Wasomaji: Mbona gesi iliyotawanyika hairudi ilikotoka?

SWALI: Ninasoma fizikia na nimekwama mahali pamoja. Vitabu vinasema kwamba kila mpangilio wa molekuli ndani ya chombo una uwezekano sawa na mpangilio mwingine wowote. Ikiwa ndivyo, mpangilio ambao molekuli zote zimejibana upande mmoja una haki ileile ya kutokea, kwa nini basi hatuuoni kamwe? Tena tunafundishwa kwamba entropia ni kipimo cha vurugu na kwamba huongezeka daima. Je, maji yanapoganda na kuwa barafu iliyopangika vizuri, sheria hiyo huwa imekwenda wapi?

JIBU: Ulichokisoma ni kweli. Kwa gesi iliyotengwa na kuachwa itulie, kila mpangilio una uwezekano sawa na mwenzake, na huo uliojibana upande mmoja haubaguliwi hata kidogo. Tatizo huanza pale tunapochanganya mambo mawili, yaani mpangilio na hali. Mpangilio ni maelezo kamili ya kila molekuli: iko wapi, inaelekea upande gani na kwa kasi gani. Hali ni kile tunachoweza kukipima kutoka nje, kama vile ujazo, kanieneo na halijoto. Hali moja huweza kutimizwa na mipangilio mingi mno, na hapo ndipo usawa unapokoma, kwa kuwa hali hazikugawiwa mipangilio kwa idadi iliyo sawa.

Chukua molekuli nne tu ndani ya chombo ambacho umekigawa nusu mbili kwa mawazo. Kila molekuli inaweza kuwa kushoto au kulia, kwa hiyo ipo mipangilio 16. Mpangilio wenye molekuli zote kushoto ni mmoja, ilhali yenye mbili kushoto na mbili kulia ni sita. Kwa molekuli nne, basi, gesi hujikusanya kushoto mara moja katika kila mara 16, na mtu mwenye subira angeishuhudia. Ongeza ziwe 10: mipangilio inafika 1,024, ile ya tano kwa tano ni 252, na wa zote kushoto unabaki mmoja uleule. Zikiwa 100, idadi ya mipangilio ni namba yenye tarakimu 31. Hata kama gesi hiyo ingepitia mipangilio bilioni moja kila sekunde, ingetulazimu kusubiri kwa wastani wa miaka trilioni 40 hivi ili tuuone ule mmoja, na ulimwengu wenyewe una umri wa takriban miaka bilioni 13.8 tu.

Na molekuli 100 si kitu. Moli moja ya gesi ina molekuli 6.022 × 10²³. Kwa wingi huo, uwezekano wa zote kukutwa kushoto ni mmoja katika namba ambayo hata tarakimu zake hazihesabiki kwa umri wa mtu, maana zenyewe zinakaribia 1.8 × 10²³. Wakati huohuo tofauti ya kawaida kati ya idadi ya kushoto na ya kulia ni kama sehemu moja tu katika trilioni, ndiyo sababu gesi huonekana imeenea sawasawa kana kwamba imeamrishwa. Haikuamrishwa na yeyote. Naomba jambo hili ulishike kuliko yote mengine: hakuna nguvu inayoisukuma gesi itawanyike. Molekuli huenda ovyo, zikigongana bila kujua zinakokwenda, na kwa kuwa karibu mipangilio yote iliyopo ni ya kutawanyika, huko ndiko zinakokutwa.

Hoja yako ina historia ndefu. Mwaka 1876 mwanafizikia Josef Loschmidt alimkabili mwenzake Ludwig Boltzmann kwa hoja iliyo ndugu na yako: sheria za mwendo hazibagui kwenda na kurudi, hivyo ukigeuza mwendo wa kila molekuli kwa mkupuo mmoja, gesi iliyotawanyika italazimika kurudi ilikotoka. Hoja ilikuwa sahihi, na naamini ilimsaidia Boltzmann kuliko sifa zozote ambazo angepewa, kwa sababu mwaka uliofuata, 1877, aliunganisha entropia na uwezekano kwa njia ya kuhesabu mipangilio. Mipangilio inayorudisha gesi nyuma ipo kweli, lakini imezama katika bahari ya mipangilio isiyoirudisha.

Uhusiano huo huandikwa S = k log W, na ndivyo ulivyochongwa kwenye kaburi lake mjini Vienna, ingawa aliyeuandika kwa sura hiyo ni Max Planck. S ni entropia, W ni idadi ya mipangilio ya hali husika, na k ni namba isiyobadilika ya Boltzmann, yaani 1.380649 × 10⁻²³ jouli (kipimo cha nishati) kwa kelvini (kipimo cha halijoto). Logi, ambayo hapa ni logi asilia, imewekwa kwa sababu ya maana. Ukiwa na vyombo viwili, kila mpangilio wa chombo cha kwanza unaweza kwenda na kila mpangilio wa cha pili, kwa hiyo idadi huzidishana, kama dadu mbili zinavyotoa matokeo 36 na si 12. Entropia, kwa upande wake, hujumlishwa. Logi ndiyo inayogeuza kuzidisha kuwa kujumlisha.

Kinachonishangaza hadi leo ni kwamba hesabu hii inakubaliana na ile ya Rudolf Clausius, aliyeipa entropia jina lake mwaka 1865 bila kuhesabu molekuli hata moja. Kwake yeye, badiliko la entropia ni joto linaloingia polepole, likigawanywa kwa halijoto. Iache moli moja ya gesi iongeze ujazo wake maradufu huku halijoto ikibaki ileile, kisha upime joto inalolihitaji na uligawe kwa halijoto: utapata 5.76 jouli kwa kelvini. Sasa sahau joto, uhesabu mipangilio. Kila molekuli imepata nafasi mara mbili ya ile ya awali, kwa hiyo W imezidishwa kwa mbili mara nyingi kama idadi ya molekuli zilizomo. Chukua logi asilia, zidisha kwa k, nawe utapata 5.76 ileile.

Kuhusu barafu, neno vurugu ndilo linalokusumbua, na mimi ningependa liachwe. Entropia haipimi uzuri wa mpangilio kwa macho yetu. Ni kweli kwamba maji yanapoganda hupoteza mipangilio mingi: kwenye nyuzi 10 chini ya sifuri, moli moja hupoteza takriban jouli 20.5 kwa kelvini. Lakini yakiganda hutoa joto, na joto hilo linapoingia katika hewa inayoyazunguka huwapa molekuli za hewa njia nyingi zaidi za kugawana nishati, kiasi cha kuongeza jouli 21.4 kwa kelvini. Jumla imepanda. Juu ya nyuzi sifuri hesabu hugeuka, na barafu huyeyuka. Sheria inadai jumla ya vyote vinavyohusika, wala haikuyakataza maji peke yake yasipungukiwe.

Tena barafu yenyewe haijapangika kama unavyodhani. Kila atomi ya oksijeni imezungukwa na hidrojeni nne, mbili zikiwa karibu na mbili mbali, na zipo njia nyingi za kuamua zipi ziwe karibu. Mwaka 1935 mwanakemia Linus Pauling alizihesabu njia hizo akapata moja na nusu kwa kila molekuli, zikizidishana. Kwa mlinganyo wa Boltzmann, hiyo ni 3.37 jouli kwa kelvini kwa kila moli, entropia ambayo barafu ya kawaida ingepaswa kubaki nayo hata ikipozwa kuelekea sifuri kamili, yaani halijoto ya chini kabisa. William Giauque na J. W. Stout waliipima kwa joto, wakachapisha matokeo yao mwaka 1936: yalikuwa takriban 3.4.